Gofu ya Kulipwa: Nani Hasa Atakulipa?

Jumatatu moja, siku ambayo vilabu vingi vya gofu huwaachia kedi uwanja wacheze wenyewe, kijana mmoja aliyevaa viatu vya kuazima aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Mzee, nikishakuwa pro, mshahara wangu utatoka wapi?" Kedi ni yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumshauri njiani. Kijana huyo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka saba, na mpira aliupiga vizuri kuliko wengi aliowabebea. Mkononi alikuwa na fomu ya kujiandikisha kuwa mchezaji wa kulipwa, na alitaka kuisaini wiki hiyohiyo.

Nilimwambia ukweli: mshahara haupo. Akanyamaza, akaitazama fomu, akaikunja.

Neno "kulipwa" linapotosha wengi. Mwanasoka wa kulipwa ana klabu, ana mkataba, na mwisho wa mwezi anapokea chake hata kama amekaa benchi. Mcheza gofu wa kulipwa hana klabu inayomwajiri. Analipa kiingilio cha shindano, nauli, malazi, chakula, ujira wa kedi, mipira na glavu. Kisha anaingia uwanjani kugombea fungu moja na wenzake zaidi ya mia. Akikosa, anarudi nyumbani na deni. Ukitaka kumfananisha na mtu, mfananishe na mvuvi mwenye boti yake mwenyewe: samaki wapatikane wasipatikane, mafuta yameshachomwa.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya kijana yule na wenzake, na kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuleta vikombe nyumbani na kusema hataki kazi nyingine. Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Gofu ni kazi halali, ina heshima, na inaweza kumlea mtu kwa miaka mingi. Lakini ni kazi ya kuingia na daftari mkononi.

Ijumaa ya mchujo

Tuanze na jinsi shindano lenyewe linavyokwenda, maana hapo ndipo pesa inapopatikana na kupotelea. Tuchukue Kenya Open, shindano kubwa kuliko yote katika ukanda wetu. Lilianzishwa mwaka 1967, likaingia katika ratiba ya Challenge Tour ya Ulaya mwaka 1991, na mwaka 2019 likapandishwa hadi daraja la kwanza la Ulaya, ambalo sasa huitwa DP World Tour. Huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku, jumla 72. Kila pigo ni mkwaju mmoja, na mwenye mikwaju michache zaidi baada ya siku nne ndiye mshindi.

Siku muhimu kuliko zote ni Ijumaa. Jioni hiyo, mashimo 36 yakiisha, mchujo hufanywa: wachezaji 65 wa kwanza, pamoja na waliofungana nao katika nafasi ya mwisho, ndio wanaoendelea Jumamosi na Jumapili. Wengine hufungasha. Aliyechujwa kwa mkwaju mmoja na aliyechujwa kwa mikwaju ishirini wote wanapata kitu kimoja kutoka kwenye fungu la zawadi: hakuna.

Mwaka 2024 fungu la Kenya Open, lililochezewa Muthaiga jijini Nairobi, lilikuwa dola milioni 2.5 za Marekani. Katika daraja hilo mshindi huchukua asilimia 17, kwa hiyo Darius van Driel wa Uholanzi aliondoka na dola 425,000. Gazeti litakuonyesha picha ya huyo. Halitakuonyesha picha ya wachezaji zaidi ya sabini walioondoka Ijumaa, ambao miongoni mwao huwamo vijana wetu wengi kila mwaka. Kufikia shindano la 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa kombe hilo. Aliyelikaribia kuliko wote ni Jacob Okello, ambaye mwaka 1998 alimaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, wakaenda mashimo ya nyongeza, na Okello akashindwa. Mtu anayesema wachezaji wetu hawawezi, mkumbushe jina hilo.

Nataka msomaji aelewe kwamba kuchujwa ni sehemu ya kazi, hata kwa mabingwa. Tiger Woods alivuka mchujo mara 142 mfululizo kati ya 1998 na 2005, na dunia ya gofu inaihesabu rekodi hiyo kuwa moja ya maajabu ya mchezo. Kwa nini iwe ajabu? Kwa sababu mchezaji mzuri wa kulipwa, mwenye jina na wafadhili, huchujwa mara kadhaa kila msimu. Basi anayepanga maisha yake kwa kudhani atalipwa kila wiki anajenga nyumba juu ya mchanga.

Hesabu za wiki moja

Tuache Muthaiga na dola zake, tuje kwenye shindano dogo la wachezaji wa kulipwa, kama yale ya mzunguko wa Safari Tour ambayo kwa miaka kadhaa yaliwapa wachezaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kufuzu Kenya Open. Takwimu zifuatazo ni za mfano, nimezipanga ili uone namna ya kuhesabu. Zako zitategemea unakoishi na unakokwenda.

Tuseme unasafiri kutoka mji mwingine. Nauli ya kwenda na kurudi shilingi 4,000 za Kenya. Malazi usiku tano kwa 2,500, jumla 12,500. Chakula siku tano kwa 1,000, hiyo 5,000. Kedi siku tano kwa 1,500, hiyo 7,500, kabla hujampa asilimia yake ukishinda. Kiingilio 5,000. Mipira na glavu 4,000. Jumla ni shilingi 38,000, na bado hujapiga mkwaju wa kwanza. Sasa tuseme fungu lote la zawadi ni shilingi milioni moja na mshindi anapewa 150,000. Aliyemaliza wa ishirini huenda akapata 15,000. Huyo amecheza vizuri, amevuka mchujo, amepigiwa makofi, na amepata hasara ya shilingi 23,000.

Rudia safari hiyo mara kumi kwa mwaka, ndipo utaelewa kwa nini vijana wenye vipaji vikubwa huacha mchezo wakiwa na umri wa miaka 25. Wengi wao kipaji bado wanacho. Kilichoisha ni nauli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu fimbo. Kabla ya kusaini fomu, andika gharama zako za msimu mzima, kisha uwe na fedha za angalau mashindano sita mkononi au kwenye ahadi iliyoandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona kazi inayouthibitisha msemo huo kama hii. Weka kila risiti. Zawadi za mashindano ni kipato, na kipato kina kodi. Chukua namba ya mlipakodi mapema, PIN kwa Kenya au TIN kwa Tanzania, kwa sababu waandaaji makini wataidai kabla ya kukulipa. Ukicheza nchi nyingine, uliza kodi ya huko itakatwa kiasi gani, ili usije ukatumia fedha ambazo hutazipokea.

Kuhusu kedi wako: desturi ya mizunguko mikubwa ni ujira wa wiki pamoja na sehemu ya zawadi, mara nyingi asilimia 5 ukivuka mchujo, 7 ukiwa katika kumi bora, 10 ukishinda. Kubalianeni kabla, kwa maneno yaliyo wazi. Urafiki mwingi umekufa kwenye maegesho ya magari Jumapili jioni.

Usiharakishe kuiacha ridhaa

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kijana kuiacha gofu ya ridhaa mapema mno, akidhani kuwa wa kulipwa ni kupandishwa cheo. Kuna mambo manne au matano hapa ambayo watu hawayajui, na kutoyajua kunawagharimu, kwa hiyo nitayaeleza taratibu.

Kanuni za ridhaa zinasimamiwa duniani na R&A ya St Andrews, Uskochi, pamoja na USGA ya Marekani. Zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa tarehe 1 Januari 2022. Tangu siku hiyo mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupata mfadhili, kulipiwa gharama, na kutumia jina lake katika matangazo. Zamani hayo yalikuwa marufuku, na wazee wengi vilabuni bado wanawaambia vijana kwamba ni marufuku. Si kweli tena. Ukipata mtu wa kukulipia nauli, kiingilio na vifaa, pokea, na uendelee kuwa wa ridhaa.

Zawadi nazo zina mpaka. Katika nchi zilizo chini ya R&A, zikiwamo zetu, mchezaji wa ridhaa hatakiwi kupokea zawadi yenye thamani inayozidi pauni 700 za Uingereza. Fedha taslimu ndani ya kiwango hicho zinaruhusiwa katika shindano la mikwaju halisi tu. Pale ambapo handikapu inatumika kupunguza mikwaju, fedha taslimu haziruhusiwi hata kidogo. Aliyeingiza mpira shimoni kwa pigo moja katika raundi na akazawadiwa gari anaruhusiwa kulichukua, kwani zawadi hiyo haina mpaka.

Halafu kuna mtego ambao kedi wengi huuingia bila kujua. Kubeba mfuko kwa ujira hakukuondolei ridhaa. Kufundisha kwa malipo kunakuondolea. Mwanachama akikuambia umfundishe mwanawe kushika fimbo, akakupa noti mbili kila Jumamosi, kikanuni umeshavuka mstari, ingawa kuna mipango michache iliyoidhinishwa ambayo haihesabiwi hivyo. Uliza chama cha gofu cha nchi yako kabla ya kupokea.

Na kwa nini ung'ang'anie ridhaa? Kwa sababu ina milango ambayo hufungwa siku ile unaposaini. Mmoja ni vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo hutoa ufadhili wa masomo kwa vijana wanaocheza gofu vizuri na wenye matokeo mazuri ya shule. Kijana hupata shahada, makocha, viwanja na mashindano ya kila wiki kwa miaka minne bila kutoa nauli. Wazazi, hili lisikilizeni kwa makini: mtoto wa miaka 16 anayecheza vizuri na kufaulu hesabu na Kiingereza yuko karibu na gofu ya dunia kuliko mwenzake aliyeacha shule ili afanye mazoezi kutwa nzima. Mlango mwingine ni mashindano ya ridhaa ya bara letu. R&A ilianzisha Africa Amateur Championship mwaka 2024 katika uwanja wa Leopard Creek, Afrika Kusini, na mshindi hufunguliwa njia ya kuingia katika mashindano makubwa ambayo mchezaji wa kulipwa asiye na jina hawezi kuyasogelea.

Kipimo changu ni hiki. Handikapu, ule mfumo wa kupima uwezo wa mchezaji, huanzia 54 kwa anayejifunza na kushuka. Aliyefika sifuri ni bingwa klabuni kwake. Wengi hufika hapo, wakashangiliwa na wanachama, wakadhani wamekomaa. Lakini anayeishi kwa gofu yuko mikwaju kadhaa chini ya sifuri, na hukaa huko kwenye viwanja vigumu, wakati wa mvua, na wakati mfukoni hamna kitu. Kama bado hujawa miongoni mwa wachezaji watano bora wa ridhaa nchini mwako, hujachelewa. Endelea kucheza ulipo.

Kutoka kwenye mfuko wa mtu mwingine

Msomaji asiye na uhusiano wowote na klabu atauliza: basi mtoto wangu aanzie wapi? Gofu yetu ilikuja na wakoloni na ikafungiwa ndani ya ua. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na Muthaiga mwaka 1913, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia humo akiwa mbeba mfuko au mkata nyasi. Hadi leo gharama za uanachama ni ukuta mkubwa. Ila ukuta una nafasi za kupenyea. Nairobi kuna Golf Park, ndani ya viwanja vya mbio za farasi vya Ngong, ambako mtu hulipia raundi bila kuwa mwanachama. Dar es Salaam kuna Lugalo, uwanja wa Jeshi la Wananchi, ambao umewalea wachezaji wengi wasiotoka katika familia za kitajiri. Kenya kuna Junior Golf Foundation kwa ajili ya watoto, na Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa mcheza gofu wa kulipwa, ameendesha mafunzo kwa wasichana ambao wasingeshika fimbo bila yeye. Na mabinti wana pa kutazama: uwanja wa Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi, umekuwa mwenyeji wa shindano la mzunguko wa wanawake wa Ulaya, ambalo Esther Henseleit wa Ujerumani alilishinda mwaka 2019 na tena 2022.

Ukedi wenyewe ni shule, mradi uufanye kwa macho yaliyofunguka. Severiano Ballesteros alikulia Pedreña, kijiji cha kaskazini mwa Hispania, akiwa kedi katika klabu ambayo haikumruhusu kucheza apendavyo. Alikuwa na fimbo moja, namba tatu, akajifunza nayo ufukweni, kwenye mchanga. Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1974, kabla hajatimiza miaka 17. Mwaka 1978 alikuja Muthaiga akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, la kwanza kati ya mataji yake makubwa matano. Wanaosimulia ustadi wake wa kutoa mpira kwenye mchanga na vichaka hurudi daima kwenye ile fimbo moja: fimbo moja ilimlazimisha kuvumbua mapigo ambayo mwenye fimbo kumi na nne hakuwa na haja ya kuyafikiria. Kijana mwenye seti ya mtumba yenye mapengo ana cha kujifunza hapo.

Kedi anayetaka kuwa mchezaji na ayatazame maamuzi ya bwana wake, asitazame nguvu zake. Kwa nini amechagua fimbo fupi hapa? Kwa nini amelenga kushoto kwa bendera? Jioni nenda ukayaandike.

Mazoezi yanayolipa

Vijana hupenda kupiga mbali. Umbali una faida, sibishi. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka zaidi kuliko ungeruka Mombasa. Aliyezoea umbali wa Nairobi akishuka Vipingo au Dar es Salaam hujikuta mpira unaanguka kabla ya kufika, na upepo wa kusi unamalizia kazi. Kabla ya shindano la pwani fika siku mbili mapema, pima upya kila fimbo yako, uandike. Hilo halikugharimu kitu zaidi ya malazi ya siku za ziada, na linaweza kukuokolea mikwaju minne.

Mikwaju mingi zaidi imelala karibu na shimo. Mchezaji wa PGA Tour, mzunguko mkuu wa Marekani, hutumia takriban mapigo 29 ya kusukumia mpira shimoni katika raundi moja, yaani karibu mikwaju minne kati ya kila kumi. Na kutoka mita 2.4 hivi, wachezaji hao, walio bora kuliko wote duniani, huingiza karibu nusu tu. Takwimu hiyo nimeona ikiwaponya vijana wanaolia kila wakikosa mpira wa mita mbili. Kinachowatofautisha wakubwa ni kwamba wakikosa hawapotezi mkwaju mwingine kwa hasira. Gawa muda wako wa mazoezi basi: angalau nusu yake iwe ndani ya mita 50 kutoka shimoni, mahali ambapo huhitaji hata kulipia ndoo za mipira.

Kanuni nazo ni mazoezi, na ni za bure. Ian Woosnam wa Wales, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1986, alikuwa akiongoza pamoja na wengine siku ya mwisho ya The Open ya 2001 pale Royal Lytham. Kwenye shimo la pili kedi wake akagundua kuwa mfukoni mlikuwa na fimbo 15, wakati kanuni inaruhusu 14. Adhabu ni mikwaju miwili. Woosnam alimaliza akiwa amefungana na wengine katika nafasi ya tatu. Mwaka 1968, kwenye Masters, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza kwa mikwaju 65 siku aliyotimiza miaka 45. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia hesabu alimwekea 4 kwenye shimo la 17 badala ya 3, naye akasaini bila kukagua. Kanuni ikasema alichokisaini ndicho chake: 66. Bob Goalby akatwaa taji kwa tofauti ya mkwaju huo mmoja. Angekuwa ameandikiwa pungufu, angefutwa kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi hesabu fimbo zako kabla ya kuanza, na kila jioni kaa chini, soma kadi shimo kwa shimo, ndipo usaini.

Sikiliza pia king'ora. Mlio mmoja mrefu maana yake acha kucheza papo hapo, mara nyingi kwa sababu ya radi; usimalizie pigo, usikimbilie chini ya mti. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, unaweza kumalizia shimo ulilolianza. Milio miwili mifupi, rudini uwanjani.

Ngazi, na maisha nje ya ngazi

Akishakomaa, mchezaji wa kwetu hupanda hivi: mashindano ya nyumbani, kisha mzunguko wa Sunshine wa Afrika Kusini, kisha daraja la pili la Ulaya, kisha DP World Tour. Kila daraja lina mtihani wake wa kuingia. Ule wa Ulaya una hatua tatu. Ya mwisho huchezwa Hispania kwa raundi sita, mashimo 108, na kadi za kucheza msimu hupatikana kwa wachezaji kama ishirini hivi. Ada yake ni kubwa na hairudishwi. Usiende kwa sababu umechoka kusubiri. Nenda mwaka ambao matokeo yako ya nyumbani yamekutuma.

Wengi hawatafika huko, na hapa ndipo nataka tuwe wakweli kwa upendo. Wengi wa wanaojiita pro katika Afrika Mashariki wanaishi kwa kufundisha. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Mwalimu wa gofu ana wanafunzi wa kila wiki, ana kipato kinachotabirika, na ndiye anayeokoa watoto wasiharibu mikono kwa kushika fimbo vibaya. Jifunze kufundisha tangu mwanzo, chukua mafunzo ya kocha yanayotolewa na chama chako, usisubiri mpaka mgongo ukuangushe. Mgongo, kifundo cha mkono na kiwiko ndivyo vinavyoumia zaidi katika mchezo huu. Mgongo ulimtesa hata Ballesteros, akastaafu mwaka 2007. Imarisha tumbo na nyonga, pumzika siku moja kila wiki, vaa kofia pana, na mwenye ualbino asikanyage uwanja bila mafuta ya kukinga jua. Ukijitunza, gofu ina subira ambayo michezo mingine haina: Phil Mickelson alishinda PGA Championship mwaka 2021 akiwa na miaka 50.

Neno kuhusu wafadhili. Niliwahi kuonyeshwa mkataba ambao kijana alitoa nusu ya zawadi zake zote, bila tarehe ya mwisho, kwa mtu aliyemnunulia seti moja ya fimbo. Alikuwa ameusaini juu ya boneti ya gari. Mkataba wowote uwe na mwanzo na mwisho, useme mfadhili analipia nini na lini, na asilimia yake ihesabiwe baada ya kutoa gharama. Mpelekee wakili, au hata mwalimu wako wa sekondari, ausome kwa sauti mbele yako. Mfadhili mwema hatakasirika.

Kijana wa Jumatatu ile bado hajaisaini fomu. Anacheza ridhaa, amepata mtu wa kumlipia nauli, ana daftari la kurasa 96 lililojaa gharama na umbali wa fimbo zake, na viatu sasa ni vyake. Nawe uliye na fomu mkononi, iweke kwanza, ufanye hesabu. Haitachakaa. Ukishaisaini, kuomba kurudishiwa ridhaa huchukua kwa kawaida miezi sita au zaidi, na miezi hiyo huwezi kucheza shindano la ridhaa hata moja.